Lami Haiulizi Nani Anatua

Desemba 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, ilikosea, ikatua Kisongo, kwenye uwanja mdogo wa Arusha. Wakati ule lami ya Kisongo haikufika hata mita 1,700. Ya KIA inapita mita 3,500. Dege likamaliza lami, likaingia kwenye majani, likanasa. Kwa kuwa hakuna aliyepoteza maisha tukapata ruhusa ya kucheka, na vijiwe vya Arusha na Moshi vilicheka mpaka Krismasi. Siku chache baadaye lilipunguzwa uzito, likaruka.

Nimelikumbuka dege lile juzi kijiweni kwetu Majengo, hapa Moshi, penye kahawa chungu na kashata. Kijana mmoja wa bodaboda alikuwa anatuonyesha kwenye simu video ya Wamarekani wakifungasha kuondoka Agadez, kule Niger. Akasema waondoke wote, Afrika nzima, na hata sisi wenyewe tuache kujenga makambi ya ndege yasiyo na faida kwa mwananchi. Jirani yangu kwenye benchi ni mzee tunayemwita Afande, ingawa alistaafu zamani. Jeshini alikuwa fundi wa ndege. Aliweka kikombe chini taratibu, akauliza, "Mwanangu, wakiondoka, ile lami wanaibeba?"

Swali hilo ndilo lililoniandikisha haya.

Hawaibebi. Kambi ya anga namba 201 ya Agadez iliigharimu Marekani takriban dola milioni 110. Ilijengwa jangwani mahsusi kwa ajili ya droni, na 2019 ikaanza kurusha. Julai 2023 wanajeshi wa Niger wakampindua Rais Mohamed Bazoum. Machi 2024 watawala wapya wakatangaza kuuvunja mkataba wa kijeshi na Marekani, na Agosti mwaka huohuo kambi ikakabidhiwa. Hata kabla ya makabidhiano hayo, wanajeshi wa Urusi walikuwa wameshaingia kwenye kambi namba 101 ya Niamey huku Wamarekani wa mwisho wakiwa bado wamo humohumo, kila mmoja na hangari lake. Wapangaji wawili waliokwisha kugombana, kamba ya kuanikia nguo ni moja.

Mjadala wa kambi za anga kwetu huwa unapangwa kama mechi. Upande huu wanaotaka, upande ule wasiotaka. Wa kwanza wanazungumzia ulinzi na ajira, wa pili wanazungumzia ukoloni mambo leo na hatari. Mimi naona pande zote zinabishana juu ya siku ya kwanza ya kambi, siku ya jiwe la msingi na hotuba, wakati matatizo yote ninayoyafahamu, na hata faida nyingi, zilitokana na mwaka wa kumi. Hakuna kambi ya anga ninayoijua iliyobaki na kazi iliyojengewa. Uwanja ukishakuwa na lami ndefu na nzito ya kutosha, kazi mpya huja zenyewe, na kila moja hubisha hodi kwa sauti ya chini kuliko iliyotangulia.

Mfano wa karibu ni Eastleigh ya Nairobi. Ilikuwa ya Waingereza, jeshi lao na ndege za abiria zikitumia uwanja mmoja, mpaka Embakasi ilipofunguliwa 1958 na abiria wakahamia huko. Mwaka 1964, baada ya uhuru wa Kenya, ikawa ya Jeshi la Anga la nchi hiyo. Agosti 1, 1982, askari wa jeshi la anga walipojaribu kumpindua Rais Moi, kambi ile ikawa miongoni mwa vitovu vya uasi. Jaribio lilipozimwa, jeshi la anga likavunjwa na kuundwa upya, na kambi ikapewa jina la Rais yuleyule waliyetaka kumng'oa. Hezekiah Ochuka, aliyejitangaza kiongozi wa mapinduzi, alitoroka kwa ndege ya jeshi mpaka Dar es Salaam. Kwa hiyo na uwanja wetu ulipewa kazi siku ile ambayo hakuna mhandisi aliyeupangia. Alirudishwa Kenya 1983, na 1987 akanyongwa.

Lakini anayetaka kuona kambi inavyokua, chumba kwa chumba, aende Djibouti. Pembeni ya uwanja wa kimataifa wa Ambouli kuna Kambi ya Lemonnier, ambayo zamani ilikuwa ya Wafaransa, ya kile kikosi chao cha askari wa kigeni. Jina ni la jenerali wao aliyeuawa na Wajapani huko Indochina mwaka 1945. (Leo Wajapani nao wana kambi yao kwenye uwanja huohuo wa Ambouli, tangu 2011, ya kwanza ya kudumu kwao nje ya nchi tangu Vita vya Pili vya Dunia. Historia nayo ina utani wake.)

Wamarekani walikuja baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001. Mwanzoni makao makuu ya kikosi chao cha Pembe ya Afrika yalikuwa melini. Mei 2003 wakashuka nchi kavu, wakaingia Lemonnier. Eneo lilikuwa takriban ekari 88. Miaka michache baadaye zilikuwa zinakaribia 500. Sisi husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu alikuja na jembe lake mwenyewe, na kufikia siku ya tatu alikuwa amelima mpaka kwa jirani.

Na kazi? Shabaha ya kwanza ilikuwa kuwazuia wapiganaji wa Al-Qaeda waliodhaniwa wangekimbilia Pembe ya Afrika. Hawakuja kwa wingi uliotarajiwa. Kikosi kikajikuta kinachimba visima, kinakarabati madarasa na kuchanja mifugo ya wafugaji, mambo ambayo ukiyaona kwenye picha unadhani ni shirika la misaada lililovaa magwanda. Kisha zikaja droni za kuruka kuelekea Yemen na Somalia. Baada ya ubalozi mdogo wa Marekani kushambuliwa Benghazi mwaka 2012, kikaongezwa kikosi cha dharura cha kukimbilia balozi zinapozingirwa. Hakuna kazi iliyoondoka ili kuipisha nyingine. Zilipangana moja juu ya nyingine kama magunia ya kahawa ghalani, na la chini hulioni tena.

Hapo kwenye droni ndipo pana kiini cha mjadala wenyewe, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ambouli ina barabara moja ya kurukia ndege. Ndege ya abiria inayoleta familia kutoka Addis Ababa, ndege ya kivita ya Ufaransa, ndege ya doria ya Japani inayosaka maharamia, na droni yenye makombora chini ya mbawa, zote zilikuwa zinatumia lami hiyohiyo. Kuanzia 2011 droni kadhaa zilianguka, moja yao karibu na makazi ya watu. Serikali ya Djibouti ikachoka. Ikawataka Wamarekani wazihamishe, na Septemba 2013 zikahamishiwa Chabelley, uwanja wa pembeni ulioko kilomita kama 10 kutoka mjini.

Asiyetaka kambi anakisoma kisa hiki hivi: mnaona, watu wa Djibouti waliishi chini ya makombora ya wengine kwa zaidi ya miaka miwili kabla mtu hajasema basi. Hakuna aliyewaeleza mwaka 2003 kwamba visima na chanjo za ng'ombe vingeishia huko. Anayetaka kambi anakisoma kinyume: mnaona, nchi ndogo yenye watu kama milioni moja iliiambia Marekani hamisha, na Marekani ikahamisha. Hakuna kambi iliyofungwa, hakuna ubalozi uliochomwa, na mwaka uliofuata pande mbili ziliketi na kusaini mkataba mpya wa miaka 10, wenye nafasi ya kuongezwa, kwa pango la dola milioni 63 kwa mwaka. La awali lilikuwa kama dola milioni 38.

Mimi nawapa wote wawili nusu. Djibouti iliweza kusema hamisha kwa sababu mbili ambazo nchi nyingi hazina. Ya kwanza, mnara wa kuongozea ndege ulikuwa mikononi mwa raia wake. Droni ya Marekani ilikuwa inaomba ruhusa ya kuruka kwa Mdjibouti. Wenyewe Wamarekani walilalamikia jambo hilo mara nyingi, na malalamiko yao ndiyo yanayoonyesha thamani yake. Ya pili, Djibouti ilikwisha kuwa mwenye nyumba mwenye wapangaji wengi. Ufaransa ipo, Japani ipo, Italia ipo, na 2017 China ikafungua kambi yake kule Doraleh. Mpangaji anayejua kwamba chumba chake kina foleni huwa msikivu. Ila foleni hiyo nayo ina bei: ukishazoea kuishi kwa kodi za wakubwa wasiopatana, ugomvi wao unalala sebuleni kwako.

Sasa tuje kwa majirani zetu wa kaskazini, Manda, karibu na Lamu. Alfajiri ya Januari 5, 2020, wapiganaji wa Al-Shabaab waliingia kwenye uwanja wa ndege wa kambi inayotumiwa na Wakenya na Wamarekani. Waliua Wamarekani watatu na kuteketeza au kuharibu ndege sita. Uchunguzi wa jeshi la Marekani uliotangazwa Machi 2022 ulitaja uzembe wa ulinzi na mengine mengi. Lililonigusa zaidi ni hili: kambi ilikuwa imebadilika, kutoka kituo kidogo cha muda hadi uwanja wa ndege wenye shughuli za kila siku, na ulinzi wake ukabaki wa kituo kidogo. Watu waliongezeka, na ndege pia. Uzio na macho ya walinzi vikabaki vilevile.

Kila ninapokisoma kisa cha Manda nawaza duka. Mtu anaanza na kibanda cha kuuza vocha, anaongeza soda, anaongeza wakala wa pesa, siku moja ana milioni kadhaa ndani ya sanduku na kufuli bado ni lile la kibanda cha vocha. Wezi hawaangalii umeandika nini kwenye kibao. Wanaangalia kilichomo. Wanaopinga kambi husema uwanja wa kijeshi unaigeuza nchi kuwa shabaha, na Manda ni ushahidi wao. Ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Kilichoongeza hatari pale ni kazi kubadilika bila mtu kukaa chini na kuuliza: kwa kazi hii mpya, adui mpya ni nani, na uzio huu unamtosha?

Nisije nikaonekana nimeshachagua upande, niseme ya upande wa pili kwa uzito unaostahili.

Aprili 2023 vita vilipolipuka Khartoum, waliokuwa na uwanja wa kutegemea walionekana. Helikopta za Marekani za kuwatoa watu wa ubalozi zilitoka Djibouti, zikaongeza mafuta Ethiopia, zikaingia Khartoum usiku na kutoka. Ndege za Ufaransa ziliwapeleka Djibouti raia wa nchi nyingi, wala si Wafaransa peke yao. Wajapani, ambao kambi yao ilijengwa kwa ajili ya maharamia wa Somalia, waliitumia kuwatoa watu wao Sudan. Kazi hiyo haikuwa kwenye hotuba ya 2011 na sidhani kuna Mjapani aliyeilalamikia. Watanzania wenzetu, wengi wao wanafunzi, walitoka kwa mabasi kuelekea Ethiopia kisha wakarudishwa nyumbani kwa ndege. Walifika salama, tunashukuru. Lakini mzazi aliyekaa na simu mkononi siku zile hawezi kukuambia kwamba kuwa na ndege za jeshi zilizo tayari ni anasa.

Na hapa kwetu kuna mlima. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka moto, sisi wa Moshi tuliuona usiku kwa macho yetu, mstari mwekundu juu kabisa gizani, unasogea. Bibi mmoja jirani yangu alitoka na kiti akakaa uani anautazama, kimya, kama anayekesha na mgonjwa. Waliopanda kuuzima walikuwa mamia: askari wa hifadhi, wapagazi, wanafunzi wa chuo cha Mweka, wananchi. Walipigana na moto kwa matawi, majembe na mapanga. Mwaka 2022 ukawaka tena, upande wa kambi ya wapandaji ya Karanga. Siku zile, kila kijiwe kilikuwa na mtu anayeuliza, "Chopa za jeshi ziko wapi?"

Hoja ya maafa ndiyo yenye nguvu kuliko zote mikononi mwa wanaotaka kambi, na ndiyo ninayoiogopa kidogo, kwa sababu haina mpinzani. Nani atasimama hadharani apinge kuzima moto? Lakini ukiichambua, moto wa mlimani unahitaji helikopta inayoweza kubeba maji kwenye hewa nyembamba ya mita zaidi ya 3,000, mahali ambapo injini na mapangaboi vinapungukiwa nguvu. Unahitaji marubani waliozoea mlima na mafuta karibu. Lami tunayo, KIA ipo hapo Hai. Chopa za kampuni binafsi zinazowashusha wapandaji waliozidiwa tunaziona zikipita juu ya vichwa vyetu. Kwa hiyo unaweza kuutaka uokoaji bila kuitaka kambi.

Nilimwambia Afande hivyo. Akatikisa kichwa. Akasema kampuni haiwezi kumlipa rubani akae mwaka mzima anasubiri moto usiowaka. "Jeshi ndilo linalolipa watu kusubiri," alisema. Nikamkubalia. Ni hoja nzuri kuliko zote nilizozisikia upande wake, na wala haikutoka kwa msomi.

Afande ana sababu ya kuamini kusubiri. Machi 1979 alikuwa Mwanza, kijana, wakati wa vita ya Kagera, siku ambayo ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilitumwa kumsaidia Idi Amin kwa kuipiga Mwanza. Mabomu yaliukosa mji, yakaua swala wa hifadhi. Leo watu wanakisimulia kama kichekesho. Yeye hacheki. Anasema kabla ya siku ile Mwanza ilikuwa mji wa samaki na pamba, na baada ya siku ile kila mtu alikuwa anatazama juu.

Historia ya jeshi letu la anga yenyewe ni somo la namna kazi za kambi zinavyofuata urafiki. Baada ya maasi ya Januari 1964, jeshi la zamani likavunjwa na JWTZ ikaundwa Septemba mwaka ule. Wajerumani Magharibi ndio walioanza kutusaidia upande wa ndege. Mwaka 1965 wakajiondoa, kisa ni uwakilishi wa Ujerumani Mashariki uliokuwa Zanzibar. Mwalimu Nyerere akaona afadhali kukosa misaada yao yote kuliko kuchaguliwa rafiki. Wakaja Wakanada, wakafundisha marubani na kuleta Otter na Caribou, ndege za kubeba watu na mizigo zinazoweza kutua kwenye viwanja vifupi vya udongo. Halafu wakaja Wachina na ndege za kivita, na kambi ya Ngerengere, mkoani Morogoro, ikajengwa kwa msaada wao. Angalia mpangilio huo. Mkanada alituachia jeshi la anga la kufikisha unga na daktari. Mchina alituachia jeshi la anga la kupigana, na miaka michache baadaye tulilihitaji. Kwenye viwanja vyetu, bendera ilikuwa yetu wakati wote, lakini aina ya ndege iliamuliwa na aliyekuwa tayari kuitoa, na aina ya ndege ndiyo iliyoamua kambi inafanya nini.

Hilo linanirudisha kwa kijana wa bodaboda. Yeye anadhani tatizo ni mgeni. Wapo wengi wanaodhani hivyo, na kuna ukweli mkubwa ndani yake, maana mgeni ana Bunge lake na uchaguzi wake, na kazi ya kambi inaweza kubadilishwa na watu wasioijua hata njia ya kufika. Lakini kambi ya wenyewe haijiponyi kwa kuwa ya wenyewe. Dar es Salaam, Februari 2011, ghala la silaha la jeshi letu lililipuka Gongo la Mboto. Watu zaidi ya 20 walifariki, maelfu wakakimbia usiku na watoto mgongoni, na uwanja wa kimataifa wa ndege, ambao uko jirani, ukasimamisha safari. Haikuwa kambi ya mgeni. Maghala yaliwekwa mji ukiwa mbali, mji ukaja ukayazunguka, na hakuna aliyerudi kuuliza kama kazi ile bado inafaa mahali pale. Ni yaleyale ya Manda, ila Manda kilichobadilika kilikuwa ndani ya uzio, na Gongo la Mboto kilikuwa nje.

Wala haihitaji hata askari. KIA ni uwanja wa kiraia tangu ulipofunguliwa 1971, na bado una mgogoro wa ardhi wa miaka mingi na vijiji vinavyouzunguka, upande wa Hai na upande wa Arumeru. Wafugaji wanasema walikuwepo, uwanja unasema hati zipo. Ukipita barabara ya Arusha jioni unaona ng'ombe wanarudi bomani, na nyuma yao, kama mchoro, mkia wa ndege kubwa. Viwanja vya ndege hukua. Hiyo ni tabia yake, kama mti wa mkuyu. Ikiwa wa kiraia, wenye ofisi zinazofikika na mbunge wa kulalamikiwa, umechukua miaka yote hiyo kuelewana na wafugaji, wa kijeshi, ambao hata kupiga picha uzio wake ni kosa, ungechukua mingapi?

Nikipima, basi, siko na kijana na siko na Afande kikamilifu. Nchi yenye ukubwa wa yetu, yenye maziwa, mlima, bahari na majirani wanane, haiwezi kukaa bila kambi za anga, na viwanja vyenye kazi zaidi ya moja ni afadhali kuliko kujenga uwanja kwa kila kazi. Ninachokikataa ni kazi mpya kuingia kwa mlango wa nyuma. Kambi ya kusafirishia mizigo ikitaka kuwa ya droni, kituo cha maharamia kikitaka kuwa cha vita vya nchi jirani, ghala la mbali likijikuta katikati ya mtaa wa watu, jambo lirudi kwenye meza ileile iliyoidhinisha kazi ya kwanza. Kwetu Kamati ya Bunge ya Mambo ya Nje, Ulinzi na Usalama ipo. Na kwa mgeni, mkataba uorodheshe kazi moja moja, uwe na tarehe ya mwisho, na mnara wa kuongozea ndege ubaki kwa mwenye nchi. Hilo la mwisho nisingelibadilisha kwa pango lolote.

Afande alinisikiliza mpaka mwisho, heshima ya kizee. Kisha akasema, "Mwanangu, na adui naye anasoma Hansard, zile kumbukumbu za Bunge."

Nilijibu kwamba Bunge halihitaji kujua idadi ya ndege wala zinaruka saa ngapi, linahitaji kujua aina ya kazi tu. Akasema aina ya kazi ndiyo siri yenyewe. Ukimwambia adui umeleta ndege za kupeleleza, keshajua unapeleleza, na anajua unampeleleza nani. Nikamwambia huko Djibouti dunia nzima ilijua droni zinatoka wapi na zinakwenda wapi, na zikaendelea kuruka. Akasema hiyo ni Marekani, anayeweza kupoteza droni tano na kuleta nyingine tano wiki ijayo. Sisi tukipoteza moja tunachangishana. Hapo nilikosa la kusema kwa dakika nzima, na mwuza kahawa akachukua nafasi hiyo kudai vikombe vyake.

Bado nadhani amekosea, lakini si kwa kiasi nilichodhani asubuhi. Kamati inaweza kukaa faragha, wajumbe wakaapishwa, na taarifa ikatoka baada ya muda. Njia zipo. Ila zote zinataka wajumbe wanaojua tofauti ya Caribou na ndege ya kivita, na wenye ujasiri wa kumwuliza jenerali swali la pili baada ya jibu la kwanza. Afande anasema katika miaka yake yote ya jeshi aliona ujumbe mmoja tu wa wakubwa ukiingia hangarini kwao. Walipiga picha mbele ya ndege ambayo haikuwa na injini. Injini ilikuwa nyuma, mezani, mikononi mwake, na hakuna aliyeuliza.